Mlango Tulioufungulia Mto

Kwa miezi saba ya mwaka mto wetu haukuwa mto. Ulikuwa njia pana ya mchanga mweupe unaochoma nyayo saa sita mchana. Ng'ombe walipita humo wakipelekwa mnadani, na sisi tulichimba visima vifupi katikati yake, tukachota maji kwa kata. Mgeni mmoja kutoka upande wa ziwa aliniuliza siku moja huo mto tunaousema uko wapi. Nikamwambia umesimama juu yake. Alicheka, nami nikacheka. Siku hizo nilikuwa bado naweza kucheka habari za mto.

Nyumba yetu ilikuwa pembeni mwa mji wa Shinyanga, upande wa kwenda Ibadakuli, nyumba ya mwisho kabla ya ukingo. Baba aliijenga kwa matofali mabichi, akaiezeka bati, vyumba vitatu na ua wa matete kwa nyuma. Yeye alikuwa mtu wa Tanga. Ujanani alikata mkonge kwenye mashamba ya huko mpaka viganja vikaota sugu, kisha akajifunza cherehani, akapanda garimoshi, akaishia kwetu na kumwoa mama, mzaliwa wa Tabora. Alikuwa akisema mkonge ulimtesa Tanga, basi huku utamtumikia. Akapanda safu tatu za mkonge ukingoni, kati ya nyumba na mto. Majirani walimtania kwamba huyu Mswahili badala ya kufuga ng'ombe anafuga miiba. Hakujali. Kila mwaka alipita akiziba mapengo kwa vichipukizi.

Nyuma ya ukingo, kati ya mkonge na nyumba, palikuwa na machimbo ya changarawe. Ilikuwa miaka ya sabini, wakati watu wanahamishiwa vijijini, kila mahali panajengwa shule na zahanati, na zege lote lilitaka changarawe. Lori lilikuja karibu kila siku. Mimi nilikuwa na miaka ishirini na mitano, nimeachika, nimerudi kwetu na sanduku moja la bati. Aliyekuwa mume wangu alisema hakushindwa na mimi, alishindwa na mdomo wangu. Labda ni kweli. Nilikuwa mwepesi wa kujibu na mzito wa kusikiliza. Nilishika chekeche nikaingia machimboni pamoja na wanawake wengine.

Kazi yenyewe ilikuwa hivi. Juu kulikuwa na udongo mweusi wa mbuga, mzito, ukikauka ni jiwe na ukilowa ni ugali. Changarawe ililala chini yake. Kuuondoa udongo wote wa juu ilikuwa kazi ya wiki nzima, kwa hiyo hakuna aliyefanya hivyo. Wanaume waliingilia ubavuni, wakachimba kwa ndani wakiwa wamelala ubavu na sururu fupi, mpaka panabaki uwazi kama wa chini ya kitanda. Tuliuita mvungu. Sisi wanawake tulipokea karai, tukachekecha, mchanga huku, changarawe kule, kila mtu na fungu lake. Jioni kila mtu alinyunyiza majivu juu ya fungu lake, ili mwizi akigusa, alama ionekane. Wizi ulikuwa nadra. Lakini majivu tulinyunyiza kila jioni, kama watu wanaosali.

Msimamizi wetu alikuwa Msukuma wa makamo, mrefu, mchangamfu, anayechechemea. Mguu aliuvunja huko Geita alipokuwa akifukuzia dhahabu, na kutoka huko hakurudi na dhahabu, alirudi na maarifa. Alikuwa na habari moja aliyoipenda kuliko zote. Alisema kule walichimba mitaro, wakayaleta maji yawafanyie kazi, yakasomba udongo na kuwaachia mali chini. "Maji ni kibarua asiyelala," alikuwa akisema, "ila umwonyeshe mlango." Na kweli, mashimo yaliyokuwa ndani ya mto wenyewe yalijaa changarawe mpya kila masika bila mtu kutoa jasho. Mashimo yetu ya nyuma ya ukingo hayakupata kitu. Akamwendea baba mara mbili, kumwomba tukate mkonge kidogo na kutoboa ukingo, maji yaingie shimoni yatuletee changarawe. Mara zote mbili baba alisema hapana, na mara ya pili aliisema amelala kitandani, na ugonjwa umeshamfanya mwepesi kama mtoto.

Baba alifariki kiangazi cha mwaka ule. Mama akaingia eda. Kwa wasiojua, mjane wa Kiislamu hukaa ndani ya nyumba ya mumewe miezi minne na siku kumi. Hajipambi, hatoki, na wanaume wasio ndugu zake wa karibu hawamwoni. Mama alikuwa mtu wa kufuata mambo kama yalivyoandikwa. Alikaa chumba cha kati juu ya mkeka, na shuka jeupe na tasbihi, dirisha likiwa limetazama ua wa matete. Zaidi ya matete hakuona kitu. Yote ya nje aliyapata kwangu.

Mwezi wa kumi changarawe ya shimo letu ilikuwa imekwisha. Tulichekecha kutwa nzima tukapata karai mbili za vumbi. Msimamizi akanijia pembeni, akavua kofia, akasema, "Dada, mzee ametangulia. Sasa mwenye nyumba ni wewe."

Maneno hayo yalinipanda kichwani. Nilikuwa nimerudi nyumbani kama mzigo uliorudishwa na mwenyewe, na sasa mtu mzima ananivulia kofia na kuniita mwenye nyumba. Sikwenda kumuuliza mama. Nilisema, "Kateni."

Tulianza na pengo la hatua tano. Hapo tungeishia, mimi nadhani, mambo yangekuwa mengine. Lakini chini ya visiki vya mkonge tulikuta changarawe safi, ya ukubwa wa maharage, ambayo baba aliilalia miaka yote hiyo. Tukang'oa kisiki kimoja, tukang'oa na kingine. Wanawake tulichukua majani tukapiga katani ya kamba. Kwa siku nne hakuna aliyesema inatosha, na mimi niliyekuwa na haki ya kusema nilikuwa nasuka kamba. Siku ya tano safu zote tatu zilikuwa zimelala chini, na wanaume wametoboa ukingo, mtaro mpana wa kwenda mtoni. Tukauita mlango.

Siku ya kwanza ya kukata mama alisikia mapanga. Nilipompelekea uji aliniuliza, "Mnakata nini huko?"

"Tunapunguza maotea," nikajibu, na nikabadilisha mazungumzo.

Mvua ya kwanza ilipokuja, mwezi wa kumi na moja, mpango ulifanya kazi kama msimamizi alivyosema. Maji yaliingia mlangoni, yakazunguka shimoni, yakatoka. Kesho yake tulikuta changarawe mpya mpaka magotini, imeoshwa, inang'aa. Tulipiga vigelegele. Msimamizi alicheza na mguu wake mbovu. Nilitamani baba angekuwa hai ili nimwonyeshe jinsi alivyokosea.

Sasa niseme habari ya siku yenyewe. Naiandika polepole kwa sababu mkono haupendi.

Mama alibakiza siku kumi na tisa. Usiku wa kuamkia siku hiyo kwetu halikudondoka hata tone, ila mbali sana kusini tuliona radi inamulika bila sauti. Asubuhi jua likawaka, tukashuka kazini. Hakuna aliyekuwa na wasiwasi. Watu wa Shinyanga tulijua kuililia mvua. Kuiogopa hatukufundishwa.

Saa nne hivi mto ulianza kuja. Mto wa mchanga hauji kama maji. Mbele huja povu, vijiti, mavi ya ng'ombe na nyasi, vinasukumwa taratibu, mtu anaweza kutembea mbele yake bila kukimbia. Tulipanda ukingoni tukautazama kama tunangoja bwana harusi. Ulipofika mlangoni ulikata kona, ukaingia, na shimo likaanza kujaa. Watu wakashangilia. Mungu anisamehe, mimi nilishangilia kuliko wote.

Kwa kawaida mto wetu ukipanda, baada ya saa moja unaanza kushuka. Siku hiyo haukushuka. Saa sita ulikuwa umejaa ukingo hadi ukingo, rangi ya chai ya maziwa, na magogo yanapita katikati, mengine yamesimama, mengine yamelala. Kelele zake zilikuwa kubwa kiasi kwamba tulizungumza kwa mikono. Kisha nikaona jambo ambalo hakuna aliyelitegemea. Mkondo wenyewe, ule mgongo wa maji mazito uliokuwa ukipita upande wa pili siku zote, uliyumba, ukaacha njia yake, ukaja kwetu. Haukuingia kama kibarua. Uliingia kama mwenye mali. Ukazunguka shimoni na kuanza kula mvungu, na mvungu tulikuwa tumeshauchimba sisi wenyewe kwa sururu.

Kipande cha kwanza kilianguka bila kutoa taarifa. Ardhi ya ukubwa wa chumba ilishuka yote kwa pamoja, nyasi zake zimesimama juu, ikaketi majini kama mtu anayechuchumaa. Sauti ilikuja baadaye, nzito, niliisikia miguuni kabla ya masikioni. Mafungu yetu yote yalikwenda na kipande kile, na majivu yake juu. Mtu mmoja alicheka, kicheko kile cha asiyejua afanye nini.

"Fungeni mlango!" msimamizi alipiga kelele. "Magunia! Leteni magunia!"

Wanaume walijaza magunia mchanga, wakapeana mkono kwa mkono, wakayatupa mtaroni. Maji yaliyapokea na kuondoka nayo. Gunia la thelathini lilipotea kama la kwanza. Mmoja aliteleza akashikwa shati, shati likachanika, akashikwa mkono. Baada ya hapo hakuna aliyekubali kusimama mbele.

Kutoka shimoni hadi jikoni kwetu zilikuwa hatua arobaini. Nilizijua kwa sababu nilizipanda kila mchana kwenda kumpikia mama. Nikazipima kwa macho, zilibaki kama ishirini na tano. Kikaanguka kipande kingine, zikabaki ishirini. Nikakimbia.

Mama alikuwa mkekani, anavuta tasbihi. Alinitazama miguu iliyojaa tope kabla ya kunitazama uso.

"Mama, mto umejaa. Inuka twende kwa jirani."

"Mto hujaa kila mwaka."

"Huu si wa kila mwaka. Unakula ukingo."

"Ukuta wa nyumba hii umepasuka?"

"Bado."

"Basi nitoke kwa lipi?" Aliniambia kwa upole, kama mtu anayemweleza mtoto. "Sheria inaniruhusu kutoka nikiihofia nafsi yangu. Mimi siihofii. Mwaka ule ulipokuwa unanyonya maji yalifika mpaka kwenye mkonge wa baba yako, yakagonga, yakarudi. Alisimama pale na taa ya chemli mpaka asubuhi, na mkonge haukutikisika. Zimebaki siku kumi na tisa, mwanangu. Usinivunjie eda yangu kwa kelele za maji."

Nilifungua mdomo. Mdomo ule ule uliomshinda mume wangu, uliojibu kila mtu sokoni, siku hiyo haukutoa neno. Nilisema, "Ngoja nikaangalie tena," nikatoka.

Nataka niseme ukweli hapa, kwa sababu watu wengi nimewasimulia mambo haya na kuruka mahali hapa. Niliogopa vitu viwili. Kimoja ni mto. Kilichonitia uzito miguuni hakikuwa mto. Nilikuwa tayari kumbeba mama mgongoni, kumburuta, kumdanganya kwamba nyumba ya jirani inaungua, lolote, ilimradi nisitamke neno mkonge. Nilisimama nyuma ya ua nikiomba maji yashuke ili siri yangu ikae salama. Mama yangu yuko ndani ya nyumba ya matofali mabichi, na mimi naombea siri.

Hapo ndipo nilipouona ufa. Ulipita kati ya mpapai na ukuta wa jiko, mwembamba kama uzi, umenyooka. Nikainama nikapitisha ukucha. Nilipoinua macho kutazama mto na kuyarudisha, ufa ulikuwa unapitisha vidole. Choo chetu kilikuwa upande wa pili wa ufa. Kilikuwepo, na mlango wake wa bati na kopo la maji mbele yake. Kisha nikawa natazama maji mahali pale. Sikusikia hata kishindo, au nilikisikia na sikumbuki. Mpapai ulilala taratibu, mapapai yake mabichi yakaelea yakizunguka.

Nilirudi ndani mbio. Nilipiga magoti mbele ya mkeka.

"Mama, mkonge haupo."

Tasbihi ikasimama. "Haupo vipi?"

"Tumeukata. Tukatoboa na ukingo ili maji yaingie shimoni yatuletee changarawe. Mimi ndiye niliyewaruhusu."

"Safu ngapi?"

"Zote."

"Lini?"

"Ile siku uliponiuliza."

Alinitazama. Nilitamani anipige kofi. Angenipiga ningepata pa kushika. Hakunipiga. Aliweka tasbihi mapajani, akaegemea ukuta, na akainuka kwa shida, magoti yakilia.

"Nje kuna wanaume?"

"Wamejaa."

"Waambie wageuke."

Nikatoka mbio nikapaza sauti mpaka koo likaniuma: "Mama anatoka! Yuko kwenye eda! Geukeni!" Msimamizi alikuwa na gunia begani. Alilitupa chini akawapigia wenzake kelele, kwa Kiswahili na kwa Kisukuma. Nikaona jambo ambalo sijaliona tena maishani mwangu. Wanaume kama ishirini, Wakristo, Waislamu, na wengine wasio wa kanisa wala msikiti, waliacha walichoshika na kuipa nyumba yetu mgongo. Kuipa nyumba mgongo maana yake ni kuutazama mto. Walijipanga bega kwa bega, vichwa vimeinama, kwenye ardhi ambayo dakika hiyo hiyo ilikuwa inapasuka chini ya miguu yao, na hakuna hata mmoja aliyetikisika.

Mama alitoka amejifunika shuka lote, mimi nimemshika kiwiko. Ni mtu aliyekaa chini karibu miezi minne. Hakuweza kukimbia. Kutoka mlangoni hadi barabarani alikwenda hatua ndogo ndogo, anashusha mguu, anausubiri mwingine. Nilitaka kumpigia kelele. Nyayo zangu zilisikia ardhi inatetemeka kama ngozi ya ng'ombe anayefukuza nzi. Niliwatazama wale wanaume migongo yao na kuona jinsi ukingo ulivyowakaribia, nikawaza, watakufa wote kwa adabu, na itakuwa kwa ajili yangu. Sijawahi kuogopa hivyo, wala siku nilipojifungua, wala siku nilipomzika mwenyewe mama huyo huyo miaka ya baadaye. Tulipokanyaga barabara nikageuka nikaita, "Tayari!" Wakatawanyika mbio kama kuku. Mahali waliposimama paliondoka kabla sijafika mlango wa jirani.

Jirani alikuwa bibi wa Kisukuma aliyekaa peke yake ng'ambo ya barabara, mkulima wa pamba, hana dini zaidi ya ile ya wazee wake. Hakuuliza lolote. "Ingia, mayu," alimwambia mama yangu kama anayemwita mamaye, kisha akanigeukia kama mwanawe, "ng'wanone, leta maji anawe." Alitundika kanga mlangoni mwa chumba chake, akamwachia mama kitanda, yeye akahamia jikoni.

Nyumba yetu ilianguka alasiri, jua likiwa bado kali. Hatukuiona, tulisikia. Matofali mabichi yakilowa hayapigi kelele, yanalainika tu, lakini bati hulia. Kila ukuta ulipokaa chini, bati zilikunjamana kwa mlio mrefu.

"Hicho chumba kipi?" mama aliuliza kutoka nyuma ya kanga.

"Cha nyuma."

Tukakaa. Mlio mwingine.

"Na hicho?"

"Cha baba."

Hakuuliza cha tatu.

Siku ya pili yake mto ulishuka, na siku ya tatu ulikuwa njia ya mchanga tena, kana kwamba hakikutokea kitu. Nilikwenda kutazama. Mahali pa nyumba yetu palikuwa na bonde, na bonde lilikuwa limejaa changarawe. Sijapata kuona changarawe kama ile, wala kabla wala baada. Safi, ya saizi moja, imelala kwa tabaka, magari na magari. Kibarua asiyelala alikuwa amefanya kazi yake yote.

Msimamizi alikuwa amesimama pale na kofia mkononi. Hakunitazama usoni. Alisema, "Dada, sina la kukwambia." Tulisimama. Nyuma yake watu walikuwa wameshafika na makoleo, wanasubiri heshima ya dakika mbili tatu ipite.

Nilichekecha pamoja nao. Nilikuwa na mama wa kumlisha, na hapakuwa na kazi nyingine. Kwenye chekeche langu nilikuta kitasa cha mlango wetu, kipande cha kikombe cha kahawa, na siku moja gurudumu la cherehani ya baba, limepinda. Nilivifunga kwenye upindo wa kanga na jioni nikavificha chini ya ghala la jirani. Mama hakuniuliza kutwa nilikuwa wapi, na magoti yangu yalikuwa meupe kwa vumbi. Alizungumza mambo ya kawaida: chumvi imezidi, jirani anakohoa, mvua itarudi lini. Siku kumi na tisa alizungumza nami hivyo. Usiku nilikaa macho nikisikiliza pumzi yake nyuma ya kanga, nikingoja aseme. Hofu ya mto ilikwisha maji yaliposhuka. Hii ilipanda kila siku.

Eda ikaisha. Alioga, akavaa kanga mpya aliyopewa na wanawake wa msikitini, akaswali, akasema, "Nipeleke."

Tulivuka barabara. Wachimbaji walipomwona waliacha kazi, mmoja mmoja wakamwamkia, "Shikamoo, mama," naye akaitikia marahaba kwa kila mmoja, hakuruka hata mmoja. Alitembea mpaka ukingoni, akasimama pale ambapo kama nyumba ingekuwepo angekuwa mlangoni. Akatazama bonde. Akatazama mafungu na majivu juu yake. Akatazama upande wa barabara, ambako wanaume walikuwa wameshaanza mvungu mpya, miguu yao miwili miwili inaonekana nje.

"Fungu lako lipi?" aliuliza.

Nikamwonyesha.

"Ni kubwa," alisema. "Siku za mwisho baba yako alikuwa hasemi vizuri, unakumbuka. Siku mbili kabla hajakata roho alinishika mkono, akawa anahangaika na neno moja. Nikaweka sikio. Alikuwa anasema mkonge. Nikamwambia tulia, mtoto yupo, atautunza. Akatulia." Alivuta kanga begani. "Mimi nikifika kwake, hilo ndilo atakaloniuliza kwanza. Nimjibu nini?"

Lori lilikuwa limesharudi nyuma mpaka kwenye fungu langu, dereva anapiga honi, na wenzangu wananiita. Nilichukua koleo nikaenda kupakia.